Programu ya maji kujaa na kupwa: kwa nini ilijengeka kwenye MacBook ikakataa kwingine

Mwalimu mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, ameuliza hivi: "Nimeandika programu ndogo kwa lugha ya C, mafaili matatu tu, maji.c, mawimbi.c na mawimbi.h, pamoja na Makefile, yaani faili la maagizo ya kuijenga. Inakadiria saa za maji kujaa na kupwa hapa kwetu, ili wanafunzi wangu waone hesabu ya kosaini inavyofanya kazi baharini. Niliijenga kwenye MacBook ya kuazima ikaenda vizuri. Nilipoihamishia kwenye laptopu yangu ya Ubuntu, kompaila ikasema haiijui M_PI, jina la namba ya pai. Nikaifuta nikaandika 3.14, ikasema haiioni cos, ilhali -lm nimeiweka. Mwenzangu akaijenga kwenye Raspberry Pi ya shule kwa amri moja aliyoiandika mwenyewe bila Makefile, ikajengeka, lakini ikiendeshwa haimalizi kusoma faili la data. Na kwa rafiki yangu mwenye FreeBSD, make imekataa hata kuanza. Msimbo ni ule ule. Je, niandike toleo la kila mfumo?"

Ameniambatanishia kitanzi kinachosoma data, nitakachokitaja baadaye, na Makefile hii:

    CFLAGS = -std=c99
    SRC = $(wildcard *.c)
    ifeq ($(shell uname),Darwin)
    CC = clang
    else
    CC = gcc
    endif

    maji: $(SRC)
    	$(CC) $(CFLAGS) -lm -o maji $(SRC)

Mwalimu, usiandike toleo jingine. Msimbo wako mmoja unatosha kwa mashine zote nne, na mistari ya C unayohitaji kuigusa ni miwili tu. Mengine yote ni ya Makefile. Makosa uliyokutana nayo yalikuwemo tangu siku ya kwanza kwenye MacBook, ila mfumo ule una desturi zilizoyasitiri, na ulipohama ukakutana na mifumo yenye desturi nyingine zilizoyafichua, moja baada ya jingine. Ndiyo maana ninaona heri umekataliwa mapema, kwa sababu lile la Raspberry Pi ni kosa la kweli ambalo siku moja lingekusumbua hata kwenye Intel.

Ili tuelewane, inafaa tukumbuke kwamba amri cc, ingawa ni moja, huendesha kazi nne zinazofuatana. Kwanza msimbo hutayarishwa: kila #include huletewa faili lake la kichwa na kila makro hubadilishwa kuwa kile inachosimamia. Pili, kompaila yenyewe huutafsiri msimbo huo kuwa maagizo ya asembli. Tatu, asembla huyageuza maagizo hayo kuwa faili la .o, ambalo ni lugha ya mashine yenye mapengo, kwa kuwa bado halijui funksheni kama cos ziko wapi. Nne, kiunganishi huyakusanya mafaili ya .o na maktaba na kuyajaza mapengo hayo. Ukiona kosa linaloanza kwa jina la faili na namba ya mstari, mfano mawimbi.c:14:20, ujue limetoka katika kazi mbili za kwanza, na dawa yake imo ndani ya msimbo au katika machaguo ya kompaila. Ukiona "undefined reference" kwenye Linux, "undefined symbol" kwenye FreeBSD au "Undefined symbols" kwenye Mac, ujue msimbo umeshatafsiriwa salama na anayelalamika ni kiunganishi, kwa hiyo kubadilisha msimbo hakutasaidia kitu. Soma daima kosa la kwanza kabisa, hata kama yamekuja arobaini, kwa maana mara nyingi yaliyobaki huzaliwa na hilo.

Tuanze na M_PI. Unix ilianza katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, Dennis Ritchie akaitengeneza lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 keneli ya Unix ikaandikwa upya kwa C. Tangu hapo kila chuo na kila kampuni iliyoichukua Unix ilikuwa na nyongeza zake. Viwango vilipokuja, POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, mwaka 1988 na kiwango cha kwanza cha C mwaka 1989, vililazimika kuchagua kipi kiwe cha lugha na kipi kibaki desturi ya mfumo. Kiwango cha C hakikuiingiza M_PI katika math.h. M_PI ni ya viwango vya Unix, si ya lugha. Sasa, unapoandika -std=c99, Linux inakuelewa kwa ukali: umesema unataka C ya kiwango peke yake, basi inakufichia kila kisichokuwemo katika kiwango hicho, M_PI ikiwa mojawapo. Mac na FreeBSD husoma chaguo lile lile kwa upole zaidi na kukuachia nyongeza zote zionekane. Kwa hiyo hakuna aliyekosea. Uliomba jambo moja, na kila mfumo ukalipa tafsiri yake.

Dawa si kuifuta -std=c99, bali kusema wazi kwamba pamoja na C99 unataka pia mambo ya Unix. Husemwa kwa makro moja, -D_XOPEN_SOURCE=700, ambayo huleta M_PI pamoja na yote ya POSIX ya mwaka 2008, kama vile strdup na getline. Ukipenda kuiweka ndani ya msimbo badala ya Makefile, iandike #define _XOPEN_SOURCE 700 katika mstari wa juu kabisa, kabla ya #include yoyote, kwa kuwa ikija baadaye faili la kichwa limeshasomwa na haina athari. Ijulikane pia kwamba makro hii ni mkataba wa pande mbili: kwenye FreeBSD na Mac, ukiitaja, mifumo hiyo nayo itaanza kuficha nyongeza zake isizoahidi POSIX hiyo. Mfano ni strlcpy, funksheni ya kunakili maandishi, iliyotoka OpenBSD mwaka 1998 na kuingia katika maktaba kuu ya Linux, glibc, mwaka 2023 tu. Kwa kazi yako snprintf inatosha na ipo kila mahali, itumie hiyo.

Na hiyo 3.14 uliyoiandika, tafadhali iondoe leo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu ni mfano wa namna suluhisho la haraka la kumnyamazisha kompaila linavyoweza kuharibu jawabu lenyewe. Wimbi kuu la mwezi, ambalo wanahesabu wa bahari huliita M2, huzunguka nyuzi 28.984 kwa saa, yaani hukamilisha mzunguko kila baada ya saa 12.42. Ikiwa programu yako huhesabu saa tangu tarehe 1 Januari, huzidisha kwa kasi hiyo, kisha hugeuza nyuzi kuwa radiani kwa 3.14 bila kwanza kupunguza mizunguko kamili ya nyuzi 360, basi kila pembe inapungua kwa sehemu kama 5 katika 10,000. Siku ya kwanza hutaona kitu, kwani kosa halifiki hata dakika moja. Baada ya siku 30 saa ya maji kujaa imekosewa kwa takriban dakika 22, na mwisho wa mwaka imekosewa kwa zaidi ya saa 4, kiasi kwamba programu itakuambia maji yanajaa wakati mashua zimekaa juu ya mchanga. Wanafunzi wako wangelaumu hesabu ya kosaini bure.

Sasa cos. Kwenye Linux, funksheni za hesabu za desimali hazimo katika maktaba kuu ya C bali katika maktaba ya pekee iitwayo libm, na -lm ndiyo inayomwambia kiunganishi aitafute. Mgawanyo huo ni urithi wa siku ambazo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa finyu na programu nyingi hazikuhitaji hesabu hizo. Mac imezikusanya zote mahali pamoja, kwa hiyo ukiandika -lm au usipoiandika ni mamoja. Lakini wewe -lm uliiandika, na bado Ubuntu imekataa. Sababu ni mahali ulipoiweka. Kiunganishi husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na Ubuntu, tangu toleo la 11.10 la mwaka 2011, humwagiza aiache maktaba yoyote ambayo kufikia hapo hakuna aliyeihitaji. Katika mstari wako libm inatajwa kwanza, kabla ya msimbo wowote; kiunganishi anatazama, haoni anayetaka kosaini, anaiweka kando. Kisha yanakuja mafaili yako yakidai cos, na hakuna wa kuwajibu. Iweke -lm mwisho wa mstari, na kosa litatoweka.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukijaribu programu ya mistari mitatu inayoandika cos(1.0), huenda ikajengeka bila -lm kabisa, ukadhani umepata uthibitisho kwamba haihitajiki. Ukweli ni kwamba GCC, kompaila ya Ubuntu, imeona namba haibadiliki, ikaikokotoa yenyewe wakati wa kutafsiri, na katika faili la .o hakuna tena mahali panapoita cos. Jaribio la namna hiyo halithibitishi kitu. Jaribu kwa namba inayotoka kwa mtumiaji au katika faili.

Kwa FreeBSD tatizo halijafika hata kwa kompaila. Programu iitwayo make iliandikwa mara ya kwanza na Stuart Feldman katika maabara zile zile za Bell mwaka 1976, na leo ina koo mbili kubwa: make ya GNU, inayokuja na Linux na Mac, na make ya BSD. Zote mbili zinafahamu lugha moja ya msingi, lakini kila ukoo umejiongezea. Vyote vitatu ulivyovitumia, yaani ifeq, $(wildcard) na $(shell), ni vya ukoo wa GNU. Make ya FreeBSD ilipofika kwenye ifeq haikuuelewa mstari, ikasimama. Na hata kama ingepita, Makefile yako ingeagiza gcc, ambayo FreeBSD ya leo haiji nayo: tangu toleo la 10 la mwaka 2014, kompaila yake ya kawaida kwenye mashine za Intel na AMD ni Clang, nayo huitwa kwa jina cc. Vilevile kwenye Mac ukiandika gcc unapewa Clang chini ya jina hilo. Jina ambalo mifumo yote inalifahamu ni cc, na kwa hiyo ule uchunguzi wote wa uname, yaani wa jina la mfumo, ulikuwa unatatua tatizo lisilokuwepo.

Ningekuwa wewe ningeiandika hivi:

    CC = cc
    CFLAGS = -O2 -Wall -Wextra -std=c99 -D_XOPEN_SOURCE=700
    LDLIBS = -lm
    OBJ = maji.o mawimbi.o

    maji: $(OBJ)
    	$(CC) -o maji $(OBJ) $(LDLIBS)

    maji.o: maji.c mawimbi.h
    mawimbi.o: mawimbi.c mawimbi.h

    clean:
    	rm -f maji $(OBJ)

Mistari ya amri, ile iliyoingia ndani, ni lazima ianze kwa kitufe cha Tab wala si kwa nafasi. Hii ni sheria ya zamani isiyo na msamaha katika koo zote mbili. Mistari miwili ya maji.o na mawimbi.o haina amri chini yake kwa makusudi, kwa kuwa kila make inajua yenyewe namna ya kutoa .o kutoka kwa .c, ikitumia CC na CFLAGS ulizoziweka. Nimeyataja mafaili kwa majina badala ya kutumia wildcard, na si kwa ajili ya FreeBSD peke yake: siku utakapoacha nakala ya maji-zamani.c katika folda hiyo, wildcard itaikokota nayo, na kiunganishi atakuta main mbili.

Wako watakaokushauri utumie zana kubwa za kutengeneza hati ya configure, ambayo huuchunguza mfumo kabla ya kujenga. Ni zana nzuri kwa programu yenye mafaili mamia na maktaba za nje. Kwa mafaili matatu yanayotegemea kiwango cha C na POSIX, ni kumwita nahodha wa meli avushe mtumbwi kutoka Lamu hadi Manda, nakushauri uziache.

Tufike sasa kwa Raspberry Pi, ambako ningependa tukae zaidi, kwa sababu hapa kompaila alinyamaza na kosa likangojea hadi programu ilipoanza kufanya kazi. Kitanzi ulichonitumia ni hiki:

    char c;
    while ((c = fgetc(f)) != EOF)

Funksheni fgetc hairudishi herufi. Hurudisha namba kamili ya aina ya int, nayo ni ama baiti iliyosomwa, kuanzia 0 hadi 255, ama EOF, alama ya mwisho wa faili, ambayo ni namba hasi, na katika mifumo yote tunayoizungumzia hapa ni -1. Yaani kuna majibu 257 yanayowezekana. Wewe unayapokea kwa kigeu cha char, chenye nafasi ya majibu 256 tu, kwa hiyo ni lazima mawili kati yake yachanganyike. Yapi yatachanganyika na kwa namna gani, kiwango cha C kimemwachia mtengenezaji wa mfumo, kwa maana hakikusema kama char ni yenye alama ya hasi au la.

Kwenye Linux ya prosesa za Intel na AMD, char huanzia -128 hadi 127. EOF ikiwekwa humo inabaki -1, ulinganisho unakubali, kitanzi kinasimama, nawe unadhani mambo ni sawa. Kwenye Linux ya prosesa za ARM, ambazo ndizo za Raspberry Pi, char huanzia 0 hadi 255. EOF ikiwekwa humo inageuka 255, na 255 haitalingana na -1 hata ungoje hadi kusi ligeuke kaskazi. Faili limeshakwisha, fgetc inarudia kusema limekwisha, na kitanzi hakisikii. Utauliza: mbona MacBook mpya nazo ni za ARM na hazikuonyesha tatizo? Apple iliamua kwamba kwenye prosesa zake char ibaki yenye alama ya hasi, kama ilivyokuwa kwenye Intel. Kwa hiyo suala hili haliamuliwi na prosesa peke yake, bali na prosesa pamoja na mfumo.

Dawa ni neno moja: andika int c badala ya char c, kisha uigeuze kuwa char pale tu unapoihifadhi. Utakuta watu wanapendekeza chaguo la -fsigned-char, ambalo humlazimisha kompaila aige desturi ya Intel. Kitanzi kitasimama, ndiyo, lakini utakuwa umebadilisha kosa moja kwa jingine, kwa sababu hapo baiti yenye thamani ya 255 iliyomo katikati ya faili itachukuliwa kuwa mwisho wake, na data iliyobaki itapotea kimyakimya. Faili la namba za maji halina baiti hiyo. Faili jingine utakalolisoma mwakani huenda likawa nayo. Ongeza pia -Wextra kama nilivyoiweka katika Makefile, kwani kwenye Raspberry Pi chaguo hilo lingekupa onyo kwamba ulinganisho huo hauna njia ya kuwa uongo. Mwenzako aliandika amri bila kuomba maonyo, na kompaila asiyeombwa maonyo hunyamaza.

Kuna ndugu wa kosa hili ambaye sijamwona katika msimbo wako lakini atakuja, kwa maana huja kwa kila mtu. Ukiita funksheni ambayo faili lake la kichwa hukuliingiza, au limefichwa na -std=c99 kama tulivyoona, kompaila za zamani zilitoa onyo tu na kukisia kwamba funksheni hiyo hurudisha int. Kwa strdup, ambayo hurudisha anwani ya kumbukumbu, kisio hicho huikata anwani ya biti 64 ibaki 32, na programu huanguka mahali pa mbali kabisa na kosa. Clang 16 ya mwaka 2023 na GCC 14 ya mwaka 2024 zimeligeuza onyo hilo kuwa kosa kamili. Ndiyo sababu msimbo wa zamani unaojengeka kwenye Ubuntu ya miaka michache iliyopita hukataliwa na mfumo mpya. Mwenye kukataliwa hivyo asishushe toleo la kompaila, bali aongeze #include inayokosekana.

Unapoihamisha programu kutoka mashine hadi mashine, hamisha msimbo peke yake. Endesha make clean kwanza, kwa kuwa faili la maji lililojengwa kwenye Mac halina maana yoyote kwa Linux, wala la Ubuntu ya Intel halina maana kwa Raspberry Pi. Ukilichukua kwa flashi pamoja na mafaili ya .o, make itatazama saa za mafaili, itaona .o ni mpya kuliko .c, itasema hakuna la kufanya, na utabaki na programu isiyoendeshika. Mashine yoyote itakuambia faili ni la aina gani ukiiamuru file maji.

Na juu ya saa hizo: Raspberry Pi zote zilizotangulia ile ya 5 hazina saa yenye betri, na hiyo ya 5 yenyewe betri yake hununuliwa kando. Ikiwashwa mahali pasipo na intaneti, huanza kuhesabu kutoka saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Hapa Malindi niliwahi kupoteza usiku mzima baada ya umeme kukatika na kurudi, nikibadilisha msimbo na kuona mabadiliko hayaingii, hadi nilipotazama date na kukuta mashine iko siku tatu nyuma, mafaili ya .o niliyoyajenga kabla umeme haujakatika yalikuwa ya kesho kutwa kwa hesabu ya Raspberry Pi, na make ilikuwa inayaheshimu. Tangu hapo, kabla ya kujenga chochote kwenye mashine ile, huanza na date, kisha make clean.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitapita haraka. Ubuntu na Raspberry Pi OS zote ni jamaa ya Debian, na sudo apt install build-essential hukupa kompaila, make na mafaili ya kichwa kwa mara moja. Ukisakinisha kompaila bila mafaili ya kichwa, utaambiwa stdio.h haipo, na kwenye Alpine, Linux nyingine ndogo, hutokea hivyo kwa wengi hadi watakapotumia apk add build-base. FreeBSD ya rafiki yako inavyo tayari. Kwenye Mac huhitaji kupakua Xcode nzima, ambayo ni gigabaiti nyingi za bando. Amri xcode-select --install huleta zana za terminali peke yake, nazo zinatosha. Wanafunzi wako wenye simu za Android na programu ya Termux wanaweza kuandika pkg install clang make na kujenga msimbo huu huu. Jambo moja tu wazingatie: waujenge ndani ya folda ya nyumbani ya Termux, si katika hifadhi ya pamoja ya simu ziliko picha, kwa sababu Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka huko, na watakataliwa ruhusa hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Simu hizo nazo ni ARM yenye char isiyo na hasi, kwa hiyo lile kosa la kitanzi lingewapata wote kwa pamoja darasani.

Ukishamaliza, endesha programu kwenye kila mashine kwa data ile ile, uelekeze matokeo kwenye faili, mfano ./maji > ubuntu.txt, kisha uyalinganishe kwa diff. Ukichapisha namba zenye desimali kumi na tano, huenda tarakimu ya mwisho ikatofautiana kati ya Mac na Ubuntu, kwa sababu kila maktaba ya hesabu ina njia yake ya kukadiria kosaini, na prosesa za ARM zina uwezo wa kuzidisha na kujumlisha kwa hatua moja, uwezo ambao Clang huutumia bila kuombwa ilhali GCC chini ya -std=c99 haiutumii. Tofauti hiyo haifiki hata sekunde moja ya maji. Chapisha saa na dakika, na mafaili yote yatakuwa sawa. Kisha tazama matokeo ya mwezi mzima: mawimbi yako mawili, la mwezi la saa 12.42 na la jua la saa 12, yanapaswa kukutana na kuachana kila baada ya siku 14.77, bamvua likifuata karibu baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu yakiangukia katikati.

Ikiwa Raspberry Pi peke yake itatoa saa zilizotofautiana na nyingine kwa saa 2 au 3 kamili, usirudi kwenye msimbo. Mfumo wake unapowekwa mara ya kwanza bila kuulizwa nchi huwa na majira ya London, na funksheni mktime na localtime hufuata majira ya mashine. Yaweke ya kwetu mara moja kwa sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi, au kwa jaribio moja tu uandike:

    TZ=Africa/Nairobi ./maji